Doa la Nyuma ya Shingo

"Jana uliteleza kwenye shingo. Leo tukifunga duka turudie. MKEO ASIJUE!"

Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Mkono mmoja umeshika simu ya mume wangu, mwingine umeshika mkasi wa kukatia vitambaa.

Jamani... shingo?!

Mwenyewe yuko bafuni anaoga, anaimba nyimbo za kwao ambazo sielewi hata neno. Simu ameiacha inachaji juu ya meza ya cherehani yangu.

Aliyetuma ni Dada wa Kaunta. Mume wangu anaoka mikate, huyo dada anaiuza pale mbele. Kila siku kajifunga kilemba, fundo limekaa kisogoni. Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Anacheka mno!

Ngoja niwaeleze mnielewe. Mume wangu si raia wa hapa. Kibali chake cha ukaazi kilikuwa kinaisha, na ili apewe kingine lazima wote wawili tuhojiwe uhamiaji, kila mtu chumba chake, waone kama ndoa yetu ni ya kweli au ya kwenye karatasi. Zilibaki siku nne.

Na mimi wivu wangu ni wa kuzaliwa nao, sifichi. Simu naikagua. Shati nalinusa kabla sijaliloweka.

Basi nikaivamia aproni yake. Mfukoni nikakuta kijidaftari kimejaa unga. Kurasa zote kaandika kwa lugha yake, isipokuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili:

"Ana doa jeusi nyuma ya shingo, chini ya nywele."

"Akilala anasaga meno."

"Akicheka sana, jicho la kushoto tu linatoa chozi."

"Akidanganya anashika sikio."

Anasaga meno akilala? Kwa hiyo wameshalala wote!

Akatoka bafuni na taulo.

"Mke wangu, mbona umesimama hivyo?"

"Duka lenu linafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na wewe unafika hapa saa kumi na mbili. Hapo katikati unafanya nini?"

"Nafanya... usafi."

Usafi! Kijidaftari nikakificha kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa.

Kesho yake asubuhi nikaenda dukani kwao. Shida yangu haikuwa mkate, ilikuwa kisogo.

"Dada, kilemba hicho kimekupendeza. Hebu geuka nione ulivyokifunga kwa nyuma."

"Aaa, wifi, usiangalie! Leo nimefunga ovyo ovyo." Akakishika kwa mikono miwili.

Mmeona? Anaficha! Halafu ananiita wifi!

Siku ya mahojiano ikafika. Mume wangu kavaa suti niliyomshonea mwenyewe. Akaingizwa chumba cha kwanza, mimi cha pili, kwa afisa mmoja mama wa makamo, miwani imemkalia nchani mwa pua.

"Mumeo ana kovu wapi?"

"Sijui."

"Anaogopa nini?"

"Sijui."

"Akiumwa anapenda afanyiwe nini?"

"Muulize Dada wa Kaunta!"

Akaweka kalamu chini. "Nani huyo?"

Nikapasuka. "Afisa, mume wangu ana mwanamke! Ushahidi huu hapa!" Nikamtupia kijidaftari mezani.

Akausoma ule ukurasa taratibu. Kisha akaniangalia.

"Wewe unampenda mumeo?"

"Simpendi hata chembe!"

"Sikio linakuwasha?"

Nikashtuka. Mkono wangu ulikuwa umeshika sikio...

Akainuka, akaja nyuma ya kiti changu.

"Mama, hebu inamisha kichwa."

Nikainamisha. Nikasikia kidole chake kinasogeza nywele zangu.

"Hili doa lako hujawahi kuliona?"

Ningelionaje, wasomaji wangu? Nani anajiona kisogo?!

Nilikuwa nimemwonea wivu mwanamke kwa siku nne, na mwanamke mwenyewe ni mimi.

"Afisa, nakuomba!" Nikapiga magoti. "Futa yale majibu! Niulize upya, nitajibu vizuri!"

Alikuwa na roho nzuri yule mama. Akakaa, akashika kalamu.

"Haya. Mumeo ana kovu wapi?"

Nikafungua mdomo, nikabaki nakuna kichwa.

"Anaogopa nini?"

Wapendwa, hasira zilikuwa zimeisha na bado sikujua! Namba ya siri ya simu yake nilikuwa naijua kichwani. Kovu la mume wangu sikulijua.

Alipomaliza kuniuliza maswali yote, afisa akaenda chumba cha kwanza, akarudi na faili.

"Maswali thelathini. Mumeo amejibu yote. Wewe umepata manane. Mama, anayetutia mashaka kwenye ndoa hii siyo mgeni. Ni wewe."

Wakaamua arudi kwao, aombe upya akiwa huko.

Tulipotoka koridoni nikamshika suti. "Kwa nini hukuniambia unafanya mazoezi?"

"Nyumbani nikikosea Kiswahili unanicheka," akasema. "Dada alijifanya afisa, akaniuliza habari zako, hata lile doa la shingoni, mpaka nikaweza. Nilitaka siku hii nikutoe aibu."

Nililia. Chozi likatoka jicho la kushoto, halafu na la kulia.

Sasa ni miezi minane yuko kwao, nami naonana naye kwenye kioo cha simu. Mwezi ujao naitwa tena mahojiano. Nimenunua daftari langu. Kovu liko chini ya kiwiko cha kushoto, aliunguzwa na sinia la mikate. Anaogopa radi. Akiumwa anataka ashikwe nyayo tu, asisemeshwe.

Na mnajua nani ananifanyisha mazoezi? Dada wa Kaunta! Kila siku saa kumi, duka likifungwa, anakaa upande ule wa kaunta, mimi upande huu.

Nikikosea ananisahihisha. Miaka mitatu kafanya kazi na mume wangu, ameona mengi kwa kuangalia tu.

"Si kiwiko cha kulia, wifi. Cha kushoto."

Moyo unaniwaka moto, siwadanganyi. Lakini nainamisha kichwa, naandika.

Dada zangu na kaka zangu, kumchunga mtu siyo kumjua. Mimi nilimlinda mume wangu asiibiwe, na sikuwahi kukaa nikamwangalia.

Wewe uliye na mwenzio karibu leo, weka simu chini umtazame. Kovu lake liko wapi?