Koti la Bandi

Supamaketi ilifurika watu wa mwisho wa mwezi, watoto wanalia, toroli zinagongana, na kila foleni ni ndefu kuliko ile uliyoiacha. Fundi, mshonaji wa nguo, aliingia kununua betri ya saa ya ukutani, basi. Akasimama nyuma ya mwanamume aliyekumbatia mto wa kulalia, mto mpya bado umo ndani ya nailoni yake, na macho yake ya kifundi yakaanza kazi yenyewe kama kawaida: mabega yameshuka, shati limepwaya mgongoni, kola imeanza kuchakaa upande wa kushoto. Kola ile aliijua. Aliwahi kuigeuza kwa mikono yake mwenyewe.

Mwanamume akageuka. "Sindano," akasema.

Mtu mmoja tu duniani alimwita hivyo. Alikuwa muuguzi wa hospitali, na tangu siku alipomletea sare yake kurekebishwa alipenda kusema kwamba nyumba yao haitakosa sindano, mpenzi wake atashona nguo na yeye mwenyewe atachoma watu. Kanisa lilikuwa limemtuma ng'ambo na kikundi cha misheni, kuhudumia wagonjwa na kuhubiri. Aliondoka waumini wanaimba na Fundi analia kwenye leso, na ahadi ilikuwa moja: siku ya kurudi, uso wa kwanza atakaouona pale uwanja wa ndege utakuwa wake. Fundi alishashona hata gauni la siku hiyo, la zambarau iliyokolea, kiuno cha kubana na mikono mipana. Mpaka dakika hiyo lilikuwa linaning'inia dukani kwake, limefunikwa shuka lisishike vumbi.

"Umerudi lini?"

"Juzi juzi hivi."

"Na simu uliisahau ng'ambo?"

"Nilitaka kukupigia, mpenzi. Nimechoka. Nipe muda kidogo nipumzike."

Fundi aliutazama ule mto. Mtu amevuka bahari, amerudi, amepata nguvu za kwenda dukani kuchagua mto, lakini za kubonyeza namba yake hana.

"Unapumzika safari," akauliza polepole, "au unanipumzika mimi?"

Dada wa kwenye mashine akaita anayefuata. Muuguzi akalipa, akaubana mto kwapani, akatoka bila kugeuka. Fundi naye alitoka, na saa ya ukutani ikabaki bila betri.

Alilia siku hiyo akamaliza. Kilichobaki baada ya machozi kilikuwa kikavu na chenye ncha. Shangazi yake, waliyeshirikiana naye duka, alijaribu kusema labda kijana anaumwa, labda amechanganyikiwa na hali ya hewa. Fundi alimjibu kwamba mgonjwa hanunui mto, mgonjwa ananunuliwa. Akaongeza, akikata uzi kwa meno, kwamba Muuguzi atamtambua.

Nafasi ilijileta yenyewe. Wiki haijaisha, dada yake Muuguzi aliingia dukani na kitambaa cha suti, bluu nzito, kimekunjwa ndani ya gazeti. Jumapili kulikuwa na ibada ya shukrani kwa waliorudi, na Muuguzi angetoa ushuhuda mbele ya kanisa zima. Alihitaji koti.

"Vipimo vyake unavyo, wifi," dada mtu alisema, na kwa aibu akashindwa kumtazama. "Ila punguza kidogo pembeni. Amekonda."

Fundi akauliza anaendeleaje, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu. Dada mtu akaeleza kwamba anapumzika. Anajifungia chumbani mapazia yameshushwa, chakula anakirudisha nusu, na mchungaji akija anajifanya amelala. "Kila jioni ananiuliza kama kuna mtu alikuja. Nikimwambia hakuna, anasema Mungu asifiwe."

Hapo ndipo Fundi alipoupokea mzigo wa kitambaa kwa mikono miwili na tabasamu pana. Alisema koti litakuwa tayari, na kwamba Muuguzi hatalisahau maisha yake yote.

Kila mtu kanisani alijua jambo moja kuhusu Muuguzi: hawezi kusema haleluya mikono ikiwa chini. Akianza kushuhudia, mikono inapanda kama anayechuma kitu darini. Siku ya kuagwa aliinyoosha mpaka shati likachomoka na kitovu kikawasalimia wazee wa kanisa. Fundi alicheka siku ile mpaka akabanwa na mbavu. Sasa alikumbuka na hakucheka.

Alilikata koti kwa uangalifu kuliko nguo yoyote aliyowahi kukata. Kola ilikaa, mifuko ilinyooka, vifungo vilishika kama vya chuma. Lakini mshono wa mgongoni na ile miwili ya mabega hakuishona. Aliipiga bandi tu, mishono ile mirefu ya kushikizia ambayo fundi huiweka nguo ikiwa ya kujaribishwa, halafu huifumua kwa kuvuta uzi. Akaifunika kwa bitana, akapiga pasi ya moto mpaka jicho lisione kitu. Mwenye kulivaa koti lile angeweza kutembea, kukaa, hata kupeana mikono na askofu. Kunyoosha mikono juu, hapana.

Shangazi alilipapasa lilipokuwa kwenye henga. Vidole vyake vilikuwa vizee katika kazi, na vilisimama katikati ya mgongo.

"Mshono huu unasubiri nini?"

"Unasubiri Jumapili."

Shangazi alikaa chini. Akamkumbusha Fundi kwamba watu wakishamaliza kumcheka aliyevaa, watauliza nani ameshona, na jibu kila mtu analo. Nusu ya gauni za kanisa lile zilitoka kwenye cherehani hii. Atakayeharibikiwa jina ni nani hasa?

"Tuharibikiwe wote," Fundi akasema. "Aibu yangu ameshanipa yeye, foleni nzima ilisikia. Mimi namrudishia yake."

Jumamosi alasiri, koti likiwa limeshachukuliwa na dada mtu, simu ya Fundi ikalia. Aliliangalia jina kwenye kioo mpaka mlio ukaribia kukatika, ndipo akapokea.

"Sindano."

"Kumbe namba hii bado unaijua."

"Koti limenikaa vizuri sana. Ahsante. Sikustahili."

Ulikuwa mlango, na Fundi aliuona uko wazi. Angeweza kusema lirudishe, kuna mahali nimesahau. Badala yake akamwambia fundi mzuri hachagui mteja.

"Utakuja kesho?"

"Nitakuja. Nitakaa mbele kabisa."

"Kaa mbele. Nataka nikuone nikiwa naongea. Lakini kabla ya hapo kuna kitu nataka..."

"Nina pasi motoni," Fundi akasema, akakata. Pasi ilikuwa baridi tangu asubuhi.

Jumapili alilivua shuka lile gauni la zambarau. Kama halikwenda uwanja wa ndege, basi litakwenda kuona mtu anavyoanguka. Alijipaka mafuta, akafunga kilemba cha rangi hiyo hiyo, akavaa viatu virefu vilivyogonga sakafu ya kanisa kiasi cha kugeuza vichwa. Akakaa kiti cha mbele pembeni ya njia, mkoba mapajani, kama mtu aliyelipia tiketi.

Walioitwa kwanza walishuhudia vizuri, kwa picha na hesabu za waliookoka. Kisha akapanda Muuguzi. Koti lilikuwa limemkaa kweli, na Fundi alichukia kuona hivyo. Akaona pia, kwa kuwa hakuweza kujizuia kuona, kwamba macho ya mwanamume yule yalikuwa mekundu na kingo zake zimevimba. Mtu aliyepumzika siku zote hizo hakuwa na haki ya kuwa na macho kama yale.

Muuguzi alishika kipaza sauti. Mikono yake ilibaki chini.

"Mimi sina picha," akaanza. "Kule nilikabidhiwa bibi mmoja mgonjwa. Hakuwa na mtu. Kila nikiingia ananishika mkono, ananiita mwanangu, ananiomba nisimwache afe peke yake. Nikamwahidi. Siku aliyokufa ilikuwa zamu yangu, na mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti kando ya kitanda chake. Nilipoamka mkono wake ulikuwa juu ya goti langu. Alinigusa, na sikuamka."

Mchungaji aliinamisha kichwa.

"Watu nyumbani wanadhani napumzika. Silali. Nimenunua mpaka mto mpya, nikadhani tatizo ni mto. Nikifumba macho naogopa kuna mtu atanigusa." Akakitazama kiti cha mbele. "Na kuna mtu mmoja nilimkimbia kuliko wote. Yeye humkagua mtu kama kitambaa. Niliogopa ataona palipotoboka. Nilimwahidi uso wake ndio utakuwa wa kwanza, nikampa mgongo kwenye foleni. Nimemkosea, na ninasema hapa kwa sababu hapa ndipo aliponiaga."

Fundi alikaa pale na gauni lake. Hasira haikuisha, wala tusidanganyane. Ilihama tu. Alimkasirikia kwa kumwambia kanisa zima kabla ya kumwambia yeye, akamkasirikia kwa kukonda, akajikasirikia kwa ule uongo wa pasi. Katikati ya hasira zote hizo moyo ukawa unamuuma kwa ajili ya yule bibi, na kwa ajili ya mjinga huyu anayekesha akiogopa kuguswa tena.

Mchungaji alisimama, macho yamemlowa. Alisema kanisa halitamwacha ndugu yao, litamwombea hapo hapo.

"Inua mikono, ndugu. Inua juu."

Mikono ya Muuguzi ikaanza kupanda.

Fundi hakukumbuka baadaye aliinukaje. Mkoba ulianguka, kiatu kimoja kilibaki chini ya kiti, na yeye akapanda ngazi za madhabahu akichechemea kwa zambarau yake yote. Akamfikia mikono ikiwa kifuani tu. Akamkumbatia kwa nguvu, mikono ya mwanamume ndani ya mikono yake, imebanwa mbavuni kama mtoto aliyefungwa shuka. Kanisa likalipuka vigelegele. Dada mtu alikuwa analia waziwazi. Shangazi, kiti cha nyuma, aliziba uso kwa mikono miwili kwa sababu zake mwenyewe.

"Sindano," Muuguzi akanong'ona. "Umenisamehe?"

"Bado. Usiinue mikono."

"Kwa nini?"

"Nimekupigia bandi. Mgongoni na mabegani. Ukiinua tu, unabaki na bitana."

Muuguzi alimtazama. Alikuwa ameshawahi kusimama miguu wazi akijaribishwa suruali dukani kwake, alijua bandi ni nini. Alijua pia mwanamke huyu, na akauona mpango mzima tangu kitambaa mpaka kiti cha mbele.

Akaanza kucheka. Kwanza ilikuwa pumzi tu puani, halafu mabega yakatikisika, halafu kikaja kicheko cha tumboni, cha mtu ambaye hajacheka tangu avuke bahari. Fundi alimsihi anyamaze, akambana zaidi. Haikusaidia. Uzi wa kwanza ulikatika kwa sauti ndogo, mwingine ukafuata, na koti la bluu nzito likaachana taratibu mgongoni, kuanzia kola mpaka kiunoni, mbele ya mchungaji, kwaya na wazee wa kanisa.

Vigelegele vilikatika. Wanakwaya, waliokuwa nyuma yao, waliona kila kitu. Mmoja akauliza, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, ni fundi gani huyo.

Fundi alihisi damu inampanda usoni. Ndiyo hii sasa, aibu aliyoiandaa kwa pasi ya moto, na imemkuta amesimama ndani yake na kiatu kimoja. Angeweza kukimbia. Akamgeukia muulizaji.

"Ni mimi," akasema. "Nililishona kwa hasira."

Muuguzi alivua kilichobaki, akakikunja vizuri, akamkabidhi. Machozi yalikuwa yanamtoka na kicheko hakijaisha.

"Utanishonea lingine," akasema, kwa sauti ambayo viti vya mbele vilisikia. "La harusi. Lakini safari hii nitakaa pale dukani kwako nikikagua kila mshono."

"Utasinzia."

"Nikisinzia, niguse."

Fundi alilipokea koti, akaupapasa mgongo uliofumuka kwa kidole gumba. Alimtazama usoni, pale palipotoboka, na hakuficha kwamba amepaona.

"Kwanza nitalipiga bandi," akasema. "Nione tabia yako. Ndipo nitashona."