Jina la Farasi wa Kerttu

Kila siku akitoka shule, Kerttu Hautala alivua buti zake mlangoni, akakung'uta theluji, akapasha moto supu ya njegere kama ni Alhamisi, siku yake huku kwetu, au kiporo chochote kama si Alhamisi. Akishakula alifuta meza vizuri, akatoa sindano na uzi, akaanza kushona farasi.

Usicheke. Kwetu Kokkola, mji wa pwani ya Ufini, wasichana wengi wana farasi wa fimbo: kichwa cha kitambaa kilichoshindiliwa pamba, singa za sufu, na fimbo ya kushikia. Huruka vizuizi kwa miguu yao wenyewe, na kuna mashindano yenye waamuzi na medali. Anayedhani huo ni mchezo wa kitoto, na aruke kizuizi kinachomfika kiunoni huku mkono mmoja umeshika fimbo, halafu tuzungumze.

Kila farasi ana jina kamili, nalo hubuniwa kwa namna ambayo hutalisikia kwa farasi mwingine. Farasi ambaye Kerttu alimpenda kuliko wote alikuwa mweupe, sikio moja kubwa kidogo kuliko la pili, naye aliitwa Pilvipuron Tuisku. Tuisku ni theluji inayopeperushwa na upepo. Pilvipuron ni "wa Pilvipuro", jina la zizi, na zizi lenyewe ni rafu ya vitabu chumbani kwa Kerttu.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Saimi, msichana wa nyumba ya pili, nao wote walikuwa na miaka kumi na miwili. Walifanya mazoezi pamoja tangu darasa la tatu. Lakini majira hayo ya baridi Saimi alianza kuchelewa shuleni na kusinzia darasani. Jumamosi moja ya Januari, wakiwa wawili tu ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, alisema kilichokuwa kikimsumbua.

"Mama haamki," alisema, huku akimwagia maji mawe ya moto kwa kata. "Tangu Novemba amelala tu. Si mlevi, usifikirie hivyo. Ana huzuni, basi. Mimi ndiye ninayempikia Eeli uji na kumpeleka chekechea."

"Kila siku?"

"Kila siku. Usimwambie mtu, Kerttu. Hata mama yako. Watu wa ustawi wa jamii wakijua watatuchukua."

"Simwambii mtu."

Na maneno ya sauna huku kwetu hayatoki nje ya sauna. Hata wazee wanaogombana hutunza heshima hiyo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na Kerttu alikuwa ndiye kata, akijua anachokijua na kukaa kimya.

Alikaa kimya siku tisa. Siku ya kumi alimwona Saimi akimvuta mdogo wake Eeli kwa kijisleji, kiti cha kuteleza juu ya theluji, kwenye baridi kali, mtoto amevaa glavu mbili zisizolingana, na moyo ukamuuma sana. Akafungua jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa farasi wa fimbo. Pale wasichana walishauriana juu ya sufu na vizuizi, na chini kabisa palikuwa na sehemu ya "Mazungumzo mengine". Aliandika hivi:

"Mama wa rafiki yangu haamki kitandani tangu Novemba. Rafiki yangu ndiye anayempikia mdogo wake na kumpeleka chekechea kwa kijisleji. Ameniapisha nisiseme. Nifanye nini?"

Alikuwa mwangalifu, au ndivyo alivyojiona. Hakutaja jina la Saimi, wala la mji, wala lake mwenyewe. Aliweka sahihi kama walivyoweka wote pale, kwa jina la farasi: Pilvipuron Tuisku.

Majibu yalimiminika, arobaini na matatu. Wengi walimpa pole. Wengine walimwambia amweleze mtu mzima. Mmoja aliandika: "Huyo mama ni mvivu tu." Kerttu alisoma yote, akapata nafuu kama mtu aliyetua mzigo, na hakufanya lolote. Kulisema jambo kulimfanya ajione kama amelitatua.

Mwezi Machi yakafika mashindano ya mkoa katika ukumbi wa michezo. Orodha ya washindani ilibandikwa mlangoni, na namba kumi na nne ilisomeka: Kerttu Hautala, farasi Pilvipuron Tuisku.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Kerttu na Saimi walimkuta Elviira, msichana wa shule nyingine, mchangamfu, mdomo hautulii. Alimwangalia Tuisku kwa husuda njema.

"We, hizi singa umezishonaje? Hebu nimtafute farasi wako, lazima umeweka picha mahali." Akaandika jina la farasi kwenye simu yake. "Eh! Huyu hapa, wa kwanza kabisa. Kumbe si picha. 'Mama wa rafiki yangu haamki kitandani tangu Novemba...'"

Alisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma tangazo, bila ubaya wowote. Alipofika kwenye kijisleji, wasichana wawili wa darasa la Kerttu waligeuka wakamtazama Saimi. Nani asingemjua? Mji mzima ulimwona kila asubuhi.

Saimi alikuwa akifunga kamba za viatu. Aliacha kamba moja bila kuifunga, akasimama.

"Ulisema humwambii mtu," alisema.

"Sikumwambia mtu! Niliandika tu. Sikutaja jina lako, Saimi, naapa."

"Umewaambia wote." Akachukua koti lake akatoka. Farasi wake alibaki ameegemea ukuta.

Namba kumi na nne iliitwa mara tatu. Kerttu hakutokea uwanjani. Alikuwa amekaa msalani, analia kwa aibu.

Mama yake alipokuja kumchukua, Kerttu alimweleza yote ndani ya gari. Tiina Hautala hakufoka. Kerttu angependa afoke.

"Hebu tukalifute," alisema mama.

Lakini kufuta hakukuwa rahisi. Jukwaa lile halikumruhusu mtu kugusa alichoandika zaidi ya wiki moja nyuma. Walimwandikia msimamizi, mwanamke wa mji wa Oulu, naye kwa bahati njema alijibu mchana uleule: "Nimeyaondoa mazungumzo yote. Lakini kuna watu waliyanakili mahali pengine, nitawaomba wayatoe. Na ukitafuta jina la farasi, maneno yataendelea kuonekana siku kadhaa."

"Siku kadhaa!" Kerttu alisema. "Mama, nilidhani jukwaa ni letu. Sisi wenyewe tu, wa farasi."

"Ulihitaji neno la siri ili kusoma?"

Kerttu alifikiri. "La. Kuandika tu."

"Basi halikuwa lenu. Vaa viatu, uende kwa Saimi."

"Leo? Atanifukuza."

"Akufukuze. Elviira ana mdomo, na wale wa darasa lako wana midomo. Mama yake Saimi asiyasikie kwao kwanza."

Saimi alifungua mlango, akamwona, akataka kuufunga tena. Lakini sauti ya mtu mzima ilisikika kutoka ndani. "Ni nani, Saimi?" Na mama yake akatoka chumbani. Kerttu hakuwa amemwona tangu Oktoba. Outi, ndilo jina la mama huyo, alikuwa amevaa gauni la kulalia na soksi nene, nywele zimeshikana upande mmoja.

"Mama Saimi, nimekuja kuomba radhi," Kerttu alisema haraka kabla ujasiri haujamtoka. "Nimeandika habari zako mtandaoni. Watu wamesoma."

Outi alikaa kwenye kiti cha jikoni. "Niambie ulichoandika."

Kerttu alikisema chote, neno kwa neno, maana alikuwa anakijua kwa moyo. Alisema hata neno "mvivu", kwa kuwa Outi aliuliza walijibu nini. Eeli aliingia na gari lake la kuchezea, akamtazama kila mmoja, akatoka.

"Wamesoma wangapi?" Outi aliuliza.

"Elfu moja na mia mbili."

"Na mimi wa elfu moja mia mbili na moja. Nilikuwa nyumba ya pili, Kerttu. Ulikuwa unapita mlangoni kwangu kila siku."

Kerttu alilia. Outi hakumbembeleza, lakini alimsogezea karatasi ya kujifutia.

"Haya. Hao umeshawaambia. Sasa niambie mimi. Ulitaka nini?"

"Nilitaka Saimi apumzike," Kerttu alisema. "Na wewe upone. Mama yangu angeweza kumpeleka Eeli chekechea, ni njia yake ya kazini. Nilitaka mtu aje."

Outi alimgeukia bintiye aliyekuwa amesimama karibu na jokofu, mikono ameikunja, macho mekundu. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeamshwa.

"Ni kweli umechoka hivyo?" alimuuliza.

Saimi alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu.

Jumatatu Outi alipiga simu zahanati, Tiina akiwa amekaa kando yake. Mfanyakazi wa ofisi ya ustawi wa jamii alikuja pia, mwanamke mpole mwenye mkoba mkubwa, na hakumchukua mtoto yeyote. Alileta msaidizi wa kupika na kufua mara tatu kwa wiki. Eeli alipanda gari la Tiina kila asubuhi. Saimi alianza kulala, na kuwahi shule. Lakini na Kerttu hakusema neno kwa wiki tano, hata walipopangwa meza moja. Kerttu aliona Saimi ana haki, ingawa ilimuuma kila siku.

Wiki ya sita, barafu ilipokuwa inayeyuka barabarani, Saimi aligonga mlango. "Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Nimekuja kufanya mazoezi tu." Wakafanya mazoezi, bila maongezi mengi, na Kerttu alikwenda kulala akiwa na furaha ambayo hakuthubutu kuigusa.

Mwezi Mei barua ikaja kutoka kwa yule msimamizi wa jukwaa. Aliandika kwamba nakala zote zilikuwa zimeondolewa. Na chini akaongeza: "Wasichana wengi bado wananiuliza yule mama anaendeleaje. Ukipenda, waandikie mstari mmoja."

Kerttu alifurahi. Hatimaye palikuwa na jambo jema la kusema! Lakini safari hii alivuka ua kwanza, akamkuta Outi nje akikung'uta mazulia, nywele amezifunga vizuri, mashavu mekundu kwa kazi. Akamsomea barua.

"Niwaambie umepona, mama Saimi? Wanakuombea mema. Sitataja jina lolote, na sitaweka la farasi."

Outi aliliacha zulia likining'inia. "Wewe ni mtoto mwenye moyo mzuri," alisema. "Ulikuwa nao hata siku ile, ndiyo maana sikukuchukia. Lakini usiwaandikie."

"Hata kwamba umepona?"

"Hata hilo. Umeshanitafuta wewe mwenyewe mtandaoni?"

"Kila siku. Sasa hupo."

"Basi niache nisiwepo. Ulichoandika Januari kilikuwa kweli, Kerttu, na tunawafundisha kusema kweli. Lakini kweli nayo ina mwenyewe. Huzuni yangu ilikuwa yangu, na uzima huu nao ni wangu. Siku nikitaka watu wajue, nitasema kwa mdomo wangu, kwa nimtakaye. Ukiona mtu anaumia, mwambie aliye karibu anayeweza kufika: mama yako, mwalimu, mwuguzi wa shule. Hata kama umeapishwa. Lakini usiiweke habari ya mtu mahali ambapo yeyote anaweza kuiokota."

Kerttu aliikunja barua, akaitia mfukoni.

"Nimjibu nini basi?"

"Mshukuru," Outi alisema, akalishika tena zulia. "Halafu shika upande huu, lina mchanga wa majira yote ya baridi."