Chujio la Spring Valley

Haya yalimpata rafiki yangu Philister mwaka 2006, akimfanyia kazi Mama Reshma, mjane aliyeishi peke yake katika mtaa wa Spring Valley.

Alasiri moja mvua ilitia giza jikoni, na stima ikapotea, taa zote zikazimika. Philister alichomoa waya wa mashine ya kuosha vyombo, akatoa vyombo vyote, akasugua chujio lake na kulirudisha, kisha akafunga mlango.

Mara maji yakaanza kuzunguka ndani, zikasikika sahani zikigongana, ingawa alikuwa amezitoa zote.

"Philister, umeiwasha?" Mama Reshma aliita kutoka sebuleni.

"Hapana, madam! Stima haijarudi!"

Sauti ikakoma. Philister akafungua mlango. Mvuke ukampiga usoni. Ndani kulikuwa na kikombe kimoja kidogo cha mtoto, katika nyumba isiyo na mtoto, kimejaa maziwa ya moto, na ukingoni alama mbichi ya midomo.