Shangazi Hakuambiwa "Kata"

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Jua linawaka, nguo ziko kambani, nami nakunja mashuka ya shangazi kwa mara ya ngapi hata sijui. Ukiuguza mtu wa kitandani miezi na miezi, maisha yako yote yanageuka mashuka. Unafua, unaanika, unakunja, unatandika. Nimechoka, jamani, wala sioni haya kusema.

Shangazi ndiye aliyetulea mimi na kaka yangu baada ya wazazi wetu kufariki. Tangu mvua za mwaka jana alikuwa amelala tu, hali chochote, anakunywa maji ya kijiko. Daktari alimpima, akampima tena, akavua miwani. "Moyo mzima, mapafu mazima," aliniambia mlangoni. "Sijui anangoja nini."

Na maneno yalikuwa yamemwishia, likabaki moja. Kila nikiingia chumbani alifumbua macho kidogo akaninong'oneza: "Niamke?" Nami kila siku namjibu, "Lala tu, shangazi." Mtu asiyeweza kuinua hata kikombe, aamke aende wapi? Basi machozi yanamtiririka, anafumba macho. Nilikuwa namwombea apone au apumzike, lolote kati ya hayo, mradi asiteseke tena.

Mchana huo kaka akaingia na boksi la makorokoro. Alikuwa amefunga studio yake ya video za harusi, maana siku hizi kila mwalikwa ana kamera kwenye simu. Akajitupa kwenye kochi, kompyuta mapajani.

"Nimechoka na harusi za watu," akasema. "Hebu tuangalie filamu zangu za chuoni. Tukimaliza tumwonyeshe shangazi, labda atacheka."

Enzi hizo kaka alikuwa mwanafunzi wa filamu, hana hela ya kulipa waigizaji, kwa hiyo shangazi aliigiza kila kitu humu humu ndani. Alimwita kaka "Dairekta" kwa kumkejeli. Filamu ya kwanza alikuwa mwizi wa kuku. Alikataa katakata kukimbia, eti mtu wa heshima hakimbii hata akiiba. Ya pili alikuwa mke wa mzee anayeongea na redio, na huyo mzee ni rafiki wa kaka aliyebandikwa ndevu za pamba. Zikadondoka katikati ya kilio. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kitu ambacho hakikuwa kimetokea nyumba hii kwa muda mrefu.

Ya tatu haikukamilika. Shangazi aliigiza maiti, kitandani kwake, chumba kile kile anacholala mpaka leo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, kazi yangu kushika waya wa taa. Nakumbuka kaka alivyokuwa mkali, katoka darasani na masharti yake: mwigizaji hatikisiki mpaka dairekta aseme "kata", hata pua ikimwasha, hata nyumba ikiungua. Na shangazi alikuwa mtu wa neno. Ukimwambia ngoja, atangoja.

Picha ikaanza. Shangazi kalala chali, shuka jeupe mpaka kifuani. Sauti ya kaka ikasikika pembeni: "Lala tu, shangazi. Usiamke mpaka niseme kata."

Nilimtazama kaka. Yeye alikuwa anatazama kioo cha kompyuta.

Kisha taa ikapasuka. Kaka wa kwenye video aliidaka kwa kiganja, akaungua, akapiga yowe. Vishindo vya miguu. Watu wote wakakimbilia jikoni, kamera ikaachwa juu ya stendi yake, inarekodi kitanda.

"Hapa ndipo shangazi anaamka," nikasema. Nakumbuka vizuri mno. Alitufuata jikoni, akamshika kaka mkono, akauweka bombani. Ndiyo maana kaka hana kovu.

Tukangoja. Shangazi hakuamka.

Halafu, kwa mbali, kutoka jikoni mle ndani ya video, tukasikia sauti yake: "Weka mkono kwenye maji! Acha kelele, mtoto wa kiume wewe!"

Kaka akarudisha nyuma. Akacheza tena. Sauti iko jikoni. Mwili uko kitandani. Shuka halitikisiki. Kifua hakipandi. Akasogeza mbele, mbele zaidi, mpaka mwisho, pale memori kadi ilipojaa. Bado amelala.

"Nani alikuja jikoni?" kaka akanong'ona.

Nilikuwa nawaza nani alitupikia jioni ile. Nani alinisuka nywele kesho yake. Nani alinisomesha.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo.

"Niamke?"

"Kaka," nikasema polepole, "hukusema kata."

"Nikisema ataondoka."

"Anateseka."

"Ndiye mama pekee tuliyebaki naye!"

"Najua. Kaseme."

Nilimshika mkono tukaingia. Akapiga magoti kando ya kitanda. Neno la kwanza halikutoka vizuri, akarudia kama alivyofundishwa chuoni.

"Kata. Asante, shangazi. Umefanya vizuri sana."

Shangazi akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Akatabasamu. Hakuvuta nyingine. Nililia sana, na siwezi kuwadanganya, nilihisi pia nafuu.

Tulimzika. Siku zikapita, kaka akarudi kutafuta picha yake nzuri tuitie kwenye fremu. Akafungua ile filamu ya tatu. Mchana kweupe, majirani wanapiga soga nje.

Taa ikapasuka. Vishindo. Watu wakakimbia.

Shangazi akafumbua macho.

Akaketi. Akalikunja shuka mara nne, kingo juu ya kingo, kama alivyonifundisha. Akaliweka juu ya mto. Akatoka kwenye picha upande wa kulia. Upande ule hakuna mlango. Ni ukuta mtupu.

Kitanda kikabaki kitupu. Ndipo jikoni sauti ikapaa: "Weka mkono kwenye maji! Acha kelele, mtoto wa kiume wewe!"

Haikuwa ya shangazi.

Ilikuwa yangu. Wala si sauti ya kile kitoto kilichoshika waya. Ni hii mnayoisikia sasa, ya mtu mzima, iliyochoka.

Kaka alinitazama kama mtu anayehofia kuachwa.

"Kaka," nikamwambia, "nisemee na mimi hilo neno, 'kata'. Basi tu, niwe na amani."

Akafunga kompyuta. Akanishika bega kwa upole, machozi yanamlengalenga.

"Wewe umechoka tu, mdogo wangu," akanong'ona. "Nenda kalale. Lala tu."