Mwanamke wa Tangi Kavu

Haya yalimpata rafiki yangu Makur, mchoraji wa mtaa wa Hai Mauna, mjuaji aliyekulia Eldoret akarudi Juba akidhani sisi wote ni washamba. Huchora mazimwi kwenye malori, kisha huwacheka wanaoyaogopa.

Juzi alipewa kazi ya kuchora zimwi la mwanamke wa mtoni kwenye tangi la lori la maji. Dereva, Mganda aitwaye Cyril, akamsihi: "Wewe ngoja nijaze maji kwanza. Hiyo mutu ya mto hapana chora kwa tangi kavu."

"Wacha ushamba, Cyril," Makur akamjibu. "Hii ni rangi tu."

Akachora tangi likiwa tupu. Kila brashi ilipogusa bati, kitu kilikwaruza ndani, taratibu, mahali palepale. Alipomaliza macho, kukanyamaza. Makur akasonya; panya, basi! Akapanda juu, akafungua kifuniko, akamulika giza kwa simu.

Tangi lilikuwa kavu kabisa. Lakini kwa ndani, sambamba na picha yake, mwanamke yuleyule alikuwa amechorwa kutoka nyuma: kisogo, nywele, mgongo. Makur akanyoosha mkono, akagusa zile nywele.

Rangi ilikuwa bado mbichi.