Mwanamke Aliyefutwa Dirishani

Kwanza ilikuwa harufu. Mke wa mpiga picha alisema chumba cha mtoto kinanuka chokaa iliyolowa. Mumewe akamjibu kwamba nyumba ile haijawahi kupakwa chokaa tangu waihamie; kuta zote ni za rangi ya mafuta. Wakafungua madirisha. Harufu haikutoka. Ilikaa palepale kati ya kitanda kidogo na kabati, kama mgeni aliyekwisha kupewa kiti.

Mpiga picha hakuijali. Siku hizo alikuwa mtu wa raha zake. Kwa miaka mingi alipakia picha katika duka la mtandaoni, ambako watu wa matangazo na wachapaji wa kalenda hununua ruhusa ya kuzitumia. Picha moja hununuliwa na watu wengi wasiojuana, na bado ikabaki mali ya aliyeipiga. Kisha mgongo ukamsumbua, akaacha kupakia picha mpya. Alidhani mapato yatakauka. Hayakukauka. Kila picha iliponunuliwa, simu yake ilitoa mlio mfupi kama tone la maji likidondoka ndooni, naye aliusikia akiwa kwenye kochi, miguu juu.

"Baba Chiriku, wewe umeoa simu," fundi cherehani wa jirani alimtania. "Wewe umelala, mwenzio yuko kazini."

"Wivu huo. Shona."

Mtaa mzima ulimwita Baba Chiriku, kwa ajili ya binti yake wa pekee. Mtoto huyo tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Aliongea akila, akioga, akifungwa viatu, hata usingizini.

Mauzo mengi yalitokana na picha moja tu: chumba cha nyumba iliyohamwa, kuta za chokaa, kiti cha mbao karibu na dirisha, mwanga wa asubuhi sakafuni. Chini yake aliandika: Chumba kitupu, hakuna mtu.

Maneno hayo hayakuwa ya kweli. Siku alipoipiga alikuwa peke yake, na mlango aliufunga kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alipoifungua picha kwenye kompyuta alimwona mwanamke ameketi kitini, uso kaugeuzia dirishani, shuka ya kijivu begani. Wapiga picha za kuuza wana desturi yao: mtu asiyetoa idhini haachwi ndani ya picha. Basi badala ya kujiuliza mwanamke yule ametoka wapi, alijiuliza jinsi ya kumwondoa. Alinakili kipande cha pazia akakibandika juu ya kichwa chake, akanakili kipande cha ukuta akakibandika juu ya mabega, mpaka kiti kikabaki wazi. Ilikuwa kazi safi. Jicho lake peke yake lingeweza kuona kwamba doa moja la ukutani, lenye umbo la figo, limejitokeza mara mbili.

Baada ya harufu zikaja sauti. Simu ikilia, kiti kilikokotwa chumbani kwa mtoto. Alipogundua hivyo mara ya kwanza alicheka. Halafu ikaja adhuhuri moja, mtoto yuko shule na mama yake sokoni. Tone likadondoka, na kiti kikakokotwa polepole, kwa uzito wa mtu mzima. Alikwenda kutazama. Kiti cha mtoto kilikuwa kimegeuzwa kuelekea dirishani. Alipokigusa, mbao zilikuwa na joto.

Mtoto aliporudi, baba yake alimwita pembeni.

"Chiriku, nani anasogeza kiti chako?"

"Yule mama wa shuka." Mtoto alishusha sauti, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Baba, anasema kila wakinunua chumba chake anafukuzwa upya. Anauliza akakae wapi."

"Wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mimi ni mdogo, tutabanana."

Tangu siku hiyo maneno ya mtoto yalianza kupungua. Mpiga picha alijisemea kwamba anakua, anapata haya. Lakini jioni moja mkewe alitenga sahani mbili mezani.

"Na ya mtoto?"

"Mtoto gani?" mke akauliza, kisha akashika paji la uso, akacheka kwa aibu, akaenda kuchukua sahani ya tatu. "Uchovu, mume wangu."

Mume wangu. Kwa miaka yote hiyo alimwita Baba Chiriku. Mpiga picha alitafuna chakula bila kukionja, huku simu ikidondosha tone mfukoni, na tone jingine. Naye, Mungu amsamehe, bado moyoni alipiga hesabu ya faida.

Asubuhi yake alipita kwa fundi cherehani.

"Mpiga picha," fundi alisema, uzi mdomoni, "nyumba kubwa ile, nyinyi wawili tu. Lini mtatuletea kelele za mtoto?"

Alimtazama fundi akitafuta tabasamu la utani. Halikuwapo. Akageuka akaanza kukimbia, mgongo wake mbovu ukimchoma, akaingia sebuleni ambako picha yao ya familia ilitundikwa juu ya redio, na pale ambapo binti yake alikuwa amesimama kati yao, mkono mmoja umeshika gauni la mama yake, sasa palikuwa na ukuta, na ukutani doa lenye umbo la figo, limebandikwa kwa ustadi alioutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake, kwa kuwa yeyote aliyemfuta mtoto yule alikuwa amejifunza kufuta kwa kumtazama yeye. Akasukuma mlango wa chumba, chokaa ikamjaa puani na kooni, akamwona Chiriku amekaa ukingoni mwa kitanda, mdomo wake unaenda mbio kama kawaida yake lakini sauti haitoki, mabega yake yamefifia hata maua ya pazia yanaonekana kupitia kwake, na karibu yake, kwenye kile kiti kidogo, amekaa mtu aliyemgeuzia kisogo.

Alimbeba mtoto, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa, akarudi kwa fundi. Fundi hakumwona mtoto, lakini aliona sura ya jirani yake, na hiyo ilimtosha. Alimpeleka kwa shangazi yake, mama mmoja aliyesifika kwa kutoa majini bila ngoma wala makelele.

Shangazi alimsikiliza akichambua mizizi kwenye ungo.

"Sijaelewa," alisema. "Picha unaiuza, na bado unayo?"

"Ndiyo, shangazi. Inauzwa kila siku."

"Basi kila siku unamtoa mwenzio nyumbani kwake, kisha unatangaza kwamba hapana mtu." Alisogeza mkono hewani mpaka ukagusa kichwa cha mtoto, ingawa naye hakumwona. "Yupo bado. Wewe unamwona kwa sababu mkono uliofundisha kazi hii ni wako. Jini huyu hataki damu wala ubani. Anataka pa kukaa. Mrudishe kitini kwake, na kile chumba kitupu ukiondoe kila kinakouzwa. Kila kinakouzwa, umenisikia? Kikibaki hata mahali pamoja, atakuja tena kutafuta kiti. Na safari hiyo hatamwomba mtoto."

Alirudi nyumbani, akafungua kompyuta na mtoto mapajani. Picha ya asili aliikuta. Aliipakia dukani jinsi ilivyopigwa, mwanamke na shuka yake, na akaifuta ile tupu. Dirisha likajipiga mara moja bila upepo, harufu ya chokaa ikapita kando ya shavu lake kuelekea mlangoni, na papo hapo uzito wa mtoto ukamrudia mapajani.

"...ndipo mwalimu akasema nikae mbele kwa sababu naongea sana, lakini baba mimi siongei sana, si ndiyo?"

"Huongei sana, mama," alisema, na machozi yakamtoka.

Jikoni mkewe aliita, "Baba Chiriku, huyo mtoto amekula?"

Palibaki jambo moja. Duka lile lina mawakala wanaouza picha zilezile chini ya majina mengine, na kila mmoja hana budi kuandikiwa peke yake ili aiondoe picha tupu. Mpiga picha aliyafikiria hayo. Akaifikiria pia ada ya shule. Mawakala huuza kidogo tu, alijisemea; picha moja huku, moja kule, nani atahisi? Mtoto amerudi. Akaifunga kompyuta.

Siku zikapita kwa amani, naye akaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha.

Walikuwa wanajiandaa kula, taa imewashwa, Chiriku anasimulia habari za paka wa shule, wakati tone lilipodondoka mfukoni mwake. Alimkazia macho binti yake: mashavu kamili, mikono kamili, maneno yanamwagika. Alimtazama mkewe: anapakua, yupo. Akashusha pumzi, akajicheka kwa woga wake, akanyoosha mkono kuvuta kiti chake cha siku zote.

Kiti kilikuwa kizito. Kilikuwa kimegeuzwa kuelekea dirishani, na mbao za mgongoni zilikuwa na joto. Chokaa ikamjaa puani.

"Mama Chiriku," alisema taratibu, "mchukue mtoto mtoke nje."

Mkewe hakugeuka. Aliweka sahani ya tatu mezani mbele ya kiti kile, akainama kidogo, akarekebisha kitu hewani, kama mtu anayempandishia mwenzake shuka iliyoteleza begani.

"Mama Chiriku. Tazama huku."

Mtoto alinyamaza katikati ya neno. Alitazama mahali baba yake aliposimama, akatazama tena, macho yakitafuta.

"Mama, nani anaongea?"

"Hakuna mtu," mama akasema. "Kula, mwanangu."