Upepo Yenye Ilikunywa Essence ya Éliakim

Mimi ni Débora. Batu ya Beu, hapa Beni, bananiitaka Mama Bénite, juu mutoto yangu wa kwanza ni Bénite. Nauzishaka maharagi ku soko. Asubui napepeta maharagi, napima kilo, kisha naanza kubishana na ba client. Hakuna mutu anaweza kunidanganya mu mambo ya kilo. Mais mu mambo ya essence, mafuta ya pikipiki, bwana yangu alinidanganya myaka kumi. Na yeye mwenyewe alikuwa anajidanganya.

Bwana yangu ni Éliakim. Ni motard. Anabebaka mizigo na pikipiki yake kutoka Butembo mupaka Beni. Ni mutu muzuri, anasali, anachekesha batu. Mais akipanda pikipiki, anageuka mutu ingine. Anakimbia kama mwizi ya kuku.

"Baba Bénite, juu ya nini unakimbia vile?" nilikuwa namuuliza.

"Juu ya kuchunga essence," alikuwa anajibu. "Nikienda mbio, nafika mbio. Moteur inatumika dakika kidogo. Dakika kidogo, essence kidogo. Si ni hesabu ile?"

Na mimi niliitika. Ilionekana kama akili. Taa ikiwaka wakati kidogo, inakula petroli kidogo. Basi, nilimuacha akimbie.

Mwaka huu Bénite alibeba mimba ya kwanza. Bwana yake anafundisha kule Manguredjipa, mbali. Donc Bénite alikuja kuzalia kwetu. Nilimupeleka ku centre de santé ya kanisa yetu. Mungu wangu! Vitanda ilikuwa paka chuma. Matelas ya zamani iliharibika, banaitupa. Bamama benye bamezaa balikuwa banalala juu ya carton.

"Matelas munane iko tayari," Elsa, infirmière mwenye kuzalisha bamama, aliniambia. "Kanisa imeisha kununua. Iko mu dépôt kule Butembo. Bwana yako ndiye atatuletea, mbili mbili."

Nilifurahi. Nilisema: mutoto yangu hatazalia juu ya chuma, baba yake eko.

Éliakim alienda. Ile juma essence ilikosa mu barabara yote. Hata ba kadhafi, bale banauzishaka essence mu bidon kando ya njia, balikuwa banakaa tu na bidon mukavu. Éliakim alikuwa na litre tatu mu réservoir. Alisimamisha matelas mbili nyuma ya mugongo yake, zimekingama kama ukuta, akafunga kamba, akafungua mwendo.

Saa kumi na mbili, hakufika. Saa hiyo barrière za ba soldat mu njia zinafungwa, na juu ya batu ya bunduki hakuna mutu anapenda kubaki inje kule. Nilipiga simu, simu haipiti. Sikukula, sikukaa chini. Nilisali mupaka sauti ikakauka.

Kesho yake asubui alifika, anasukuma pikipiki, matope mupaka ku masikio. Essence ilimuishia mu njia, mbele ya kufika Kabasha. Batu ya kanisa kule balimulalisha. Mvua ilinyesha juu ya matelas, zikaanguka mu matope. Zilikuwa zinanuka. Hakuna mugonjwa anaweza kulala pale.

Nilimukumbatia, kisha nilianza kumugombeza. Siwezi kuficha.

"Ulikunywa essence ama uliiuzisha?"

"Mama Bénite, nilienda mbio kabisa! Nilikimbia juu essence isiishe!"

Wakati ile Madame Myriam alikuwa anachota maji mu parcelle yetu. Madame Myriam anapanga chumba kwetu. Serikali ilimutuma kutoka Kananga, anafundisha physique ku lycée. Aliweka bidon yake chini.

"Papa Éliakim, mu barabara ulikuwa mu ngapi?"

"Makumi tano na ine kwa saa. Na ukuta ya matelas nyuma. Sikupunguza hata kidogo."

"Pole. Haukuchunga essence. Ulikimbia, ukaipa upepo iikunywe."

Éliakim alicheka. "Madame, siku ile upepo haikuwa. Hata majani ilikuwa imetulia."

"Hewa ilikuwa. Ukisimama, hewa inatulia. Ukikimbia, unaigonga na kifua. Ukiwa na matelas, unaigonga na ukuta. Na hewa inakurudisha nyuma. Ni kama kutembea mu mutoni: maji imetulia, mais ukipita mbio, inakukamata miguu."

"Aka! Hewa haina kitu ndani," Éliakim akasema.

"Mama Bénite, uko na balance yako ya kutundika?"

Ile balance ndio mukono yangu ya kuume. Iko na ressort ya kuvutika ndani, na ndoano chini. Niliileta, na lungo juu nilifikiri tutapepeta kitu. Madame alikatala lungo. "Ni muzito, itaharibu hesabu. Leta carton." Alikata carton, sentimetre makumi sita kila upande. Alitoboa pembe ine, akafunga kamba ine, akaitundika ku ndoano.

Tulienda ku kiwanja ya mupira. Nilipanda nyuma ya Éliakim, nikanyoosha mukono kando, balance mu mukono, carton inafuata nyuma inaangalia hewa. Muone ile haya! Batu yote ya Beu ilitoka. "Mama Bénite anapima upepo! Kilo ni ngapi leo?" Na mimi nilibajibu: "Ngoja, nakuja kubauzishia!"

Kwanza Éliakim alienda na 18 kwa saa. Nilisoma balance: nusu kilo, na kidogo juu.

Kisha alienda na 36. Mukono yangu ilivutwa. Nilisoma: kilo mbili na kidogo.

"Simama!" nililia. "Simama, Baba Bénite! Uliongeza mwendo mara mbili tu. Mais kilo iliongezeka mara ine!"

Madame Myriam alikuwa anapiga mikono. "Njo ile! Ukiongeza vitesse mara mbili, unagonga hewa mingi mara mbili, na kila kipande ya hewa unaigonga na nguvu mara mbili. Mbili mara mbili ni ine. Ukiongeza mara tatu, ni kenda."

Éliakim hakucheka tena. Aliangalia ile carton kama vile imemutukana.

Ku nyumba, Madame alikamata chaki akaandika ku mulango yetu:

Force ya hewa = nusu × uzito ya hewa × umbo × surface × vitesse × vitesse

"Uzito ya hewa?" nikauliza. "Hewa iko na kilo?"

"Iko. Sanduku ya metre moja kila upande, huku kwetu mu milima, hewa ya ndani inapima karibu kilo moja. Tuandike 1."

Kilo moja! Na hakuna mutu anaiuzisha ku soko.

"Umbo," akaendelea, "ni namba ya kuonyesha namna kitu inapasua hewa. Kitu yenye kuwa kama ukuta ni karibu 1,2. Mutu juu ya pikipiki, mizigo imejificha nyuma yake, ni karibu 0,9. Surface ni ile sura yenye hewa inaona kwa mbele. Matelas yako ni metre mbili kwa urefu na metre moja kwenda juu. Mbili mara moja?"

"Mbili," akajibu Éliakim.

"Na vitesse tunaiandika kwa metre ya kila seconde. Gawanya kilometre ya kila saa kwa 3,6. Makumi tano na ine inatoa kumi na tano. Mama Bénite, hesabu."

Nilihesabu. Nusu mara 1, mara 1,2, mara 2: inatoa 1,2. Kumi na tano mara kumi na tano: 225. 1,2 mara 225: 270.

"270 ya nini?"

"Newton. Ni kipimo ya force. Newton kumi ni karibu uzito ya kilo moja."

"Basi ni kilo makumi mbili na saba," nikasema. Nilimugeukia bwana yangu. "Unasikia? Ni kama mutu alifunga kamba ku pikipiki yako, na ku ile kamba alitundika mufuko ya maharagi ya kilo makumi mbili na saba. Na ulivuta ile mufuko kila metre!"

"Mais dakika zinapunguka," akasema Éliakim na sauti ya chini. Hakupenda kuachilia hesabu yake ya myaka kumi.

"Ni kweli, dakika zinapunguka," akajibu Madame. "Mais barabara haipunguke. Ni kilometre makumi tano na ine, ukimbie ama utembee. Moteur inalipa force juu ya kila metre. Force ikipanda, essence inapanda."

"Donc niende kama konokono?"

"Wapi! Moteur yenyewe inakunywa hata ukisimama. Enda na 36, pikipiki yako haitalalamika. Hesabu tena."

36 inatoa metre kumi kila seconde. Kumi mara kumi ni 100. Na ile ukuta ya matelas: newton 120, kilo kumi na mbili. Ilianguka zaidi ya nusu.

"Sasa tuondoe ukuta," akasema Madame. "Kunja kila matelas kama mukeka, funga nguvu. Laza moja juu ya ingine nyuma yako, kwa urefu ya pikipiki. Hewa itaona tu kifua yako na miguu. Tuseme surface ni 0,8."

Hapo Éliakim aliruka. "Hapana! Matelas ikikunjwa, inakufa! Motard yote banajua."

Nilikamata simu nikaita Kasonia, mulinzi wa dépôt kule Butembo. Alicheka. "Mama, ukiikunja mwezi muzima, ndiyo itakufa. Siku moja haina neno. Akifika aifungue palepale."

Nilirudi ku chaki. Nusu mara 1, mara 0,9, mara 0,8: inatoa 0,36. Mara 100: 36. Kilo tatu na nusu, na kidogo juu.

Kutoka makumi tatu kasoro tatu, mupaka tatu na nusu. Pikipiki ni ileile, matelas ni zilezile. Nilikaa chini. Ile usiku yote ya woga, ilikuwa bure kabisa.

Siku ya ine Éliakim alirudi Butembo kutafuta matelas ingine. Kesho yake asubui uchungu ilimukamata Bénite. Nilimupeleka ku centre. Elsa alitandika carton juu ya chuma, na kitenge juu ya carton. Bénite alishika mukono yangu mupaka kidole zangu zikakufa ganzi.

"Mama, mugongo," alikuwa anasema. "Mama, ile chuma."

Saa sita nilipiga simu kwa Éliakim. "Mutoto ameanza. Uko wapi?"

"Natoka sasa. Nimetafuta, nimepata litre tatu tu, essence bado haipatikane."

Litre tatu, sawasawa na za siku ile. Roho yangu ilisema: mwambie akimbie. Mwambie afungue yote, mutoto yako anateswa! Kinywa ilifunguka. Mais nilikumbuka namba ya ku mulango.

"Baba Bénite," nikasema, "makumi tatu na sita. Hata moja usipite."

Alinihadisia njia yake kisha. Alikuwa anaenda, matelas imelala nyuma yake kama batoto bawili. Jephté, motard mwenzake, alimupita na mbio, mifuko ya viti vya plastique imesimama nyuma kama nyumba. "Éliakim! Unasindikiza maiti?" Éliakim alisema mikono ilimuwasha. Mikono ya myaka kumi! Alitaka kumufuata. Alifikiria Bénite, akaacha.

Alipoisha kupita Maboya, mbele ya kufika Kabasha, alimukuta Jephté anasukuma pikipiki. Jasho inamutiririka, réservoir mukavu. Éliakim alitikisa réservoir yake: essence ya kutosha ilikuwa inalia ndani. Alimumiminia nusu litre.

"Laza ile viti yako, uifunge kwa urefu," akamwambia. "Kisha nifuate nyuma. Usinipite."

"Na nitafika?"

"Bibi yangu alihesabu."

Saa nane na nusu nilisikia pikipiki ku mulango ya centre. Nilijua moteur ile, mais haikuwa inalia kama zamani. Éliakim aliingia na matelas ku mabega, ikiwa mukavu. Elsa alikata kamba. Matelas ilifunguka palepale, ikavimba, ikajaza kitanda. Tulimuinua Bénite sisi batatu, tukamulaza.

Bénite alifunga macho. Alisema tu, "Eeeh, Papa." Éliakim alitoka inje kulia, akijifanya anaangalia pneu ya pikipiki.

Saa kumi mutoto alizaliwa. Ni musichana, na sauti yake ilisikika mupaka ku barabara. Matelas ya pili ilipewa mama moja wa Luofu mwenye alikuwa analala chini siku tatu. Alisema "wasingya", ndiyo aksanti ya kikwetu, mara sijui ngapi.

Leo ba motard ya Beu banakunja matelas zote. Banakuja kwangu na chaki, nabahesabia bure, mais lazima banunue maharagi.

Siku tatu kisha mutoto kuzaliwa, Éliakim alirudi Butembo kuchukua mbili zingine. Nilisimama ku barabara na mujukuu mu mikono. Zamani, nilikuwa nafumba jicho, nafumbua, ameisha kupotea, paka vumbi inabaki, na woga inaniingia mupaka jioni. Ile asubui alienda polepole. Nilimuona anapita soko. Nilimuona anasalimia batu. Nilimuona mupaka kule juu kabisa, mudogo, mais angali anaonekana. Nilikuwa na wakati ya kumuonyesha mutoto babu yake.